Dakika Kumi Baada ya Kuzima Gari

Mmeniuliza kwenye barua yenu ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi tulipokuwa tukifunga kamera za video kwenye magari ya polisi, huko nyuma miaka ya tisini. Nadhani mlitarajia niseme vumbi, au joto, au ile mitikisiko ya barabara zetu. Yote hayo yalikuwepo na nitayaeleza, kwa sababu nyinyi mnasomea umeme wa magari na mnastahili kujua. Lakini kilichonishinda mimi kilikuwa woga. Niliishi nao miaka mingi kama mtu anavyoishi na mpangaji asiyetaka kuhama, na mpaka leo nikisikia gari la dizeli likipunguza mwendo mbele ya mlango wangu, huwa naacha ninachofanya mpaka lipite.

Jina langu ni Zainabu, lakini Thika nzima ilinijua kama Fundi Zena, au Mama Salim. Nilifanya kazi kwenye gereji ya Mzee Gakuo, nyuma ya soko. Niliingia pale nikiuza chai na mandazi. Siku moja Mzee alikuwa chini ya lori, akaniomba nimshikie taa, na nikamwonyesha waya uliokuwa umechunika, ambao yeye alikuwa ameutafuta tangu asubuhi. Akatoka chini ya lori akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Wewe mama, chai iuzwe na mtu mwingine."

Yote ninayoyajua alinifundisha yeye. Alinifundisha kugusa waya kwa mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ya pale husikia joto mapema. Alinifundisha kuweka fyuzi karibu na betri, si karibu na chombo, maana waya usio na fyuzi ni kiberiti kinachosubiri siku yake. Alinifundisha kwamba gari ambalo taa zake zinafanya vituko, mara nyingi ubovu uko pale waya wa chini unapofungiwa kwenye bodi, penye kutu na rangi. Kwangueni hiyo rangi mpaka mwone chuma kinang'aa. Msiwe wavivu.

Kazi ya kamera ililetwa na mkuu wa kituo kimoja cha upande wa Ruiru, ambacho sitakitaja. Tulimwita Inspekta Okelo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa matope. Mfadhili fulani alikuwa ameleta kamera za aina tatu zijaribiwe, na kituo kilikuwa na Landrova mbili. Inspekta alitaka mtu achague aina moja, aifunge kwenye magari yote mawili, kisha aitunze.

Mzee Gakuo hakutaka kabisa.

"Zena, ukifunga redio ya mteja vibaya, atakuja kukugombeza," aliniambia. "Hawa watakuja kukuchukua."

Nilicheka. Nilikuwa fundi mwanamke wa pekee niliyemjua kati ya Thika na Ruiru, na mkuu wa polisi mzima alikuwa ameniulizia kwa jina. Kiburi kina utamu wake.

Basi sikilizeni jinsi tulivyochagua. Makaratasi yaliyokuja na zile kamera yalisifu picha, lakini mimi picha niliiacha mpaka mwisho. Kwanza nilizifunga moja moja kwenye Landrova, nikamwambia dereva tuelekee Mugutha, kwenye ile barabara iliyokuwa na mashimo ya kuzamisha mbuzi. Ya kwanza ilitoa picha nzuri mjini, lakini tulipofika kwenye mashimo ilikuwa kama inatazama dunia kutoka ndani ya mtungi unaotikiswa. Ya pili ilivumilia mitikisiko, lakini jua la saa kumi lilipoipiga usoni ikageuka nyeupe yote, huoni mtu wala gari. Ya tatu haikuwa nzuri sana kwa lolote, lakini haikuwa mbaya kwa lolote pia. Ilisoma namba za gari lililokuwa mbele, ilistahimili jua, na mashine yake ya kurekodi ilikaa juu ya raba nne nene. Nikachagua hiyo. Kwenye gari chagueni kitu kitakachofanya kazi siku mbaya.

Kamera yenyewe ilikaa juu ya kioo cha mbele. Mashine ya kurekodi ilikuwa ya kanda, zile kanda kubwa za video mlizoziona kwa nyanya zenu, na ilifungiwa ndani ya kasha la chuma nyuma ya gari. Ufunguo wa kasha alikuwa nao Inspekta peke yake. Kila Jumatatu alitoa kanda, akaweka mpya, akafunga, kisha akabandika karatasi yenye sahihi yake kwenye mlango wa kasha, ili mtu akifungua ichanike. Askari naye alivaa maikrofoni ndogo kiunoni, iliyotuma sauti mpaka kwenye mashine. Taa ya buluu ya gari ikiwashwa, mashine inaanza kurekodi yenyewe. Gari likizimwa, inaacha.

Nilifanya makosa, msidhani sikufanya. Siku ya kwanza nilitoboa tundu la waya bila kuweka kitambaa chini, na vumbi la chuma likaanguka kwenye sanduku la fyuzi. King'ora kikalia na hakikunyamaza. Nilibonyeza kila kitu, nikachomoa kila nilichokiona, kinazidi kulia tu. Nje ya kituo palikuwa na wachuuzi, wakadhani ni msako, wakakimbia na kuacha nyanya zao zikibingirika barabarani. Inspekta alitoka ofisini akasimama akiniangalia huku nimelala chini ya dashibodi, miguu nje, buibui limejaa vumbi. Aliingia, akakata waya wa betri kwa koleo langu mwenyewe, akanirudishia koleo. Tangu hapo natandika kitambaa hata nikitoboa mbao.

Kosa la pili ndilo lililozaa haya mengine. Kanda zilikuwa zinatafunwa. Gari linapozimwa, umeme unakatika ghafla, na wakati huo kanda bado imezungushwa kwenye kichwa cha mashine. Gari likiwashwa tena, inavutika na kukunjamana. Nikatengeneza rilei ya kuchelewesha, iliyoipa mashine umeme wa dakika kumi baada ya gari kuzimwa, ili imalize kazi yake taratibu na kurudisha kanda mahali pake. Hilo lilimaanisha kwamba hizo dakika kumi kamera nayo iliendelea kuona, na maikrofoni iliendelea kusikia. Nilimweleza Inspekta, akaandika kwenye kitabu cha gari. Nikawaeleza madereva na askari waliokuwepo siku ile. Taa nyekundu iliyoonyesha kwamba inarekodi niliitoa kwenye dashibodi kwa sababu ilikuwa inajionyesha kwenye kioo na kuharibu picha. Nikaihamishia kule nyuma, juu ya kasha.

Aliyekuwa likizo siku ile alikuwa Sajini Dalmas.

Wiki chache baadaye, siku ya Alhamisi, kama saa nne asubuhi, Sajini Dalmas alikuja gerejini Thika. Alikuwa mtu mnene, mwenye heshima kwa maneno, anayependa kukuita kwa jina. Alikuja peke yake. Alimsalimia Mzee, akanisalimia, akavuta debe akaketi karibu na benchi langu.

"Mama Salim, habari ya kazi?"

"Nzuri, afande."

"Hiyo kamera yako, mimi nikizima gari, nayo inazima, ama?"

Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Nilikirudisha kwenye kishikio chake polepole. Hakuniuliza kama mtu anayetaka kujua jambo. Aliniuliza kama mtu anayemuuliza daktari, akitazama macho na si mdomo.

"Inazima, afande," nikasema.

"Na mbona dereva mpya ananiambia Jumanne alisikia kasha likinguruma na gari limezimwa?"

"Ni mashine inarudisha kanda."

"Inarudisha tu?"

"Inarudisha."

Mzee Gakuo alikuwa upande wa pili, amegeuka mgongo, lakini niliona ameacha kupiga nyundo.

"Sawa," Sajini akasema. "Lakini mimi napenda uhakika. Inspekta yuko Nairobi kwa mafunzo mpaka Jumatatu. Kesho asubuhi uje unifungulie hilo kasha."

"Ufunguo anao Inspekta, afande."

"Wewe ndiye ulilifunga hapo. Usiniambie huwezi kulifungua." Akainuka, akapangusa suruali. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akauliza, "Salim bado anasoma pale Ruiru? Ile shule ya geti ya kijani?"

Sikuwahi kumwambia kwamba mwanangu anasoma Ruiru. Niliitikia kwa kichwa.

"Mtoto mzuri," akasema. "Anapenda kupita kando ya reli akirudi."

Aliondoka. Niliketi kwenye lile debe alilokalia, bado lina joto. Mzee Gakuo akaja akasimama mbele yangu.

"Kuna nini kwa hiyo kanda?"

"Sijui, Mzee."

"Inarekodi gari likizimwa?"

"Dakika kumi."

Akashika paji la uso. "Ngai! Mpe, Zena. Fungua, mpe kanda yake, tumalize. Uko na mtoto." Niliona kwamba naye anaogopa, na hilo liliniogopesha kuliko maneno ya Sajini, kwa sababu sikuwahi kumwona Mzee akiogopa kitu isipokuwa nyoka.

Nilikubaliana naye. Nataka mjue hivyo, msije mkanifanya shujaa. Niliamua kwamba nitafungua, nitampa, nitarudi kwenye kazi zangu. Jioni ile nilimpeleka Salim kwa shangazi yake Juja, nikamwambia atakaa huko siku chache. Akauliza kwa nini. Nikamwambia shangazi yake amemkumbuka.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika kituoni na sanduku langu la vifaa. Nje ya geti kulikuwa na mama mmoja ameketi kwenye jiwe, kikapu cha chakula magotini, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama mtu anayekwenda kanisani. Aliniona na sanduku akainuka haraka.

"Wewe unafanya kazi hapa?"

"Hapana mama, mimi ni fundi tu."

"Basi ukiingia, niulizie kama wamempa Njoroge chakula. Tangu Jumanne wananiambia ngoja." Akanishika mkono. "Ni kijana wangu. Tunakaa Kiandutu. Anasaidia wajenzi, anabeba mawe. Wanasema alikuwa na bastola kwa mfuko. Bastola! Huyo kijana hata kuku hawezi kuchinja, ni mimi huchinja."

"Walimshikia wapi, mama?"

"Hapo karibu na mto, akitoka kazini. Walimsimamisha na gari yenye taa ya buluu, wakazima gari, wakamwambia apige magoti. Rafiki yake alikuwa mbele kidogo, aliona hivyo tu, akakimbia." Aliniangalia machoni. "Wanasema ni wizi wa kutumia silaha. Mtu ameniambia hiyo ni kamba. Ni kweli ni kamba?"

Ilikuwa kweli. Kila mtu alijua kwamba hukumu ya kosa lile ilikuwa kunyongwa. Nilimwambia nitaulizia chakula, nikaingia.

Sasa nilijua kilichomo kwenye kanda. Sikukiona, lakini nilikijua kama ninavyojua waya ulikokatika kabla sijafungua dashibodi. Taa ya buluu iliwashwa. Gari likazimwa. Na mashine yangu ikaendelea kutazama.

Sajini Dalmas alinisubiri nyuma ya kituo, Landrova imeegeshwa ukutani mahali ambapo hapaonekani kutoka ofisini. "Mama Salim. Umeamka vizuri?" Akafungua mlango wa nyuma, akaegemea pale, karibu sana, mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

Nilipiga magoti mbele ya kasha na bisibisi mkononi. Bawaba zake zilikuwa na skrubu nne. Nilikuwa nimezikaza mwenyewe, na ningezifungua kwa dakika tatu. Bisibisi ilikosa skrubu ikawa inagonga chuma, tik tik tik.

"Unaogopa nini?" akauliza.

"Karatasi ya Inspekta, afande." Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. "Nikifungua itachanika. Ataona kwamba kasha limefunguliwa, na atajua ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza. Kisha ataniuliza ni nani aliniambia."

Akatafakari. Sikuwa nimepanga neno hata moja la yale yaliyofuata.

"Lakini mashine inaweza kuungua yenyewe," nikasema. "Shoti. Gari hizi zina shoti kila siku. Karatasi inabaki vilevile."

"Na kanda?"

"Kanda ni plastiki, afande. Mashine ikiungua na kanda iko ndani..." Sikumaliza sentensi. Nilimwachia yeye aimalize.

Akacheka kidogo. "Sasa unaongea kama fundi. Choma."

Sikilizeni vizuri hapa, wanangu. Ninachowaeleza sasa ni kitu ambacho nimewakataza mafundi wote niliowafundisha, na nikiwakuta nyinyi mmekifanya nitawafukuza. Niliruka fyuzi kwa kipande cha waya mtupu. Kisha nikageuza nyaya mbili za mashine, chanya ikaenda kwa hasi. Nilichokijua mimi, na asichokijua yeye, ni kwamba sehemu inayopokea umeme kwenye mashine ile ilikuwa chini kabisa, na kanda hukaa juu. Kanda haishiki picha kwa umeme. Unaweza kuiteketeza mashine yake na picha zikabaki zimelala pale, ilimradi moto usizifikie.

Nikaunganisha. Kukatokea mlio kama wa kitu kinachovunjwa kwa meno, kisha moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye matundu ya kasha. Ile harufu ya umeme unaoungua ikajaa garini. Nikahesabu pumzi zangu. Nilitaka tatu tu. Ya tatu ilipofika nikanyoosha mkono kuchomoa waya.

"Wacha," akasema Sajini. "Wacha iungue kidogo."

Pumzi ya nne. Ya tano. Mkono wangu ulikuwa umeshika waya na waya ulikuwa umeshaanza kunichoma vidole. Ya sita. Nilimfikiria yule mama na kikapu chake, na nikafikiria plastiki inavyoanza kulainika, kwanza kwenye kona. Ya saba.

"Haya, toa."

Nikachomoa. Akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa haraka kwa joto. Alitabasamu. "Kazi safi, Mama Salim." Akaniinua kwa kiwiko kama mtu anayemsaidia mzee kupanda ngazi.

Nilipotoka getini yule mama aliinuka. Nikapita bila kumwangalia. Sikuwa nimemuulizia hata chakula.

Siku zile tatu mpaka Jumatatu sikumbuki nilikula nini. Vidole viwili vilikuwa vimefura malengelenge. Nilikuwa na hofu tatu na kila moja ilikuwa na zamu yake. Kwamba Sajini atajua. Kwamba kanda imeyeyuka, na nimemuua kijana wa watu kwa pumzi nne za ziada. Na ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, kwamba Inspekta Okelo naye yumo katika jambo lile, na ule upole wake wa viatu safi ni sura tu.

Jumatatu niliitwa. Nilipoingia ofisini Sajini Dalmas alikuwa amesimama kando ya meza, kofia kwapani.

"Sajini ananiambia mashine imeungua," Inspekta akasema.

"Ni shoti, bwana mkubwa," Sajini akadakia. "Hata fundi ataeleza."

Wote wawili wakaniangalia. Nikakodolea macho kalenda iliyokuwa ukutani.

"Sijui mpaka niione," nikasema. "Lazima niitoe niipeleke gereji. Na kasha haliwezi kufunguliwa bila ufunguo wako, Inspekta. Ni vizuri uje nao mwenyewe."

Inspekta akaangalia vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa. "Nitakuja mchana," akasema.

Alikuja kwa gari lake mwenyewe, kasha zima likiwa kwenye kiti cha nyuma. Mzee Gakuo alitaka kutoka, Inspekta akamwambia abaki. Nikamweleza yote. Nilianza na Alhamisi, na swali la Sajini, na shule ya geti la kijani, nikamaliza na pumzi saba. Nilipotaja jina la Sajini Dalmas, Inspekta aliinuka, akaenda mlangoni, akafunga mlango wa gereji kwa komeo. Ndani kukawa na giza la mchana, lile la mabati yenye matundu. Nilisema shahada moyoni. Niliamini kwamba nimekwisha.

Akarudi, akatoa ufunguo mfukoni.

"Fungua," akasema.

Karatasi yake ilikuwa nzima. Akaichana mwenyewe. Mashine ilinuka kama tairi lililoungua. Tulitoa kanda kwa koleo na nikaona kona moja ya gamba lake imepinda, imelainika na kuganda tena kama mshumaa. Haingeweza kuzunguka. Nilianza kulia, siwafichi.

"Zena," Mzee akasema. "Gamba si kanda."

Alisema kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nikaleta kanda ya harusi ya dada yangu, nikafungua skrubu zake tano, nikatoa harusi nje, nikahamisha zile roli mbili za kanda kutoka kwenye gamba lililopinda nikaziweka kwenye gamba zima. Mkihamisha kanda, msiguse uso wake kwa vidole, shikeni pembeni tu, na kumbukeni ilivyopita kwenye vile vigurudumu kabla hamjaiondoa. Mzee alikuwa akitengeneza televisheni pia, kwa hiyo mashine ya kuchezea ilikuwepo. Tukabonyeza.

Mwanzo palikuwa na michirizi. Kisha tukaona barabara, mto, kijana mwenye mfuko wa saruji begani ulioshonwa kuwa mkoba. Gari likasimama. Injini ikanyamaza, na picha haikunyamaza. Kijana akapiga magoti, mikono kichwani. Sajini Dalmas akamwaga vitu vya mkoba chini, shati, sahani, mwiko wa mjenzi. Akarudi kuelekea garini, akatoka kwenye picha. Akaonekana tena akiwa na kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Akakiweka ndani ya mkoba, akaushika mkoba mbele ya uso wa kijana, na maikrofoni iliyokuwa kiunoni mwake ikatuletea sauti yake, ya upole vilevile.

"Njoroge, hii ni yako, si ndiyo?"

Na kijana akasema, "Afande, mimi niko na mwiko tu."

Inspekta aliirudisha nyuma akaitazama mara ya pili akiwa amesimama. Kisha akaitoa, akaiweka ndani ya koti lake. "Hamjaniambia chochote," akatuambia. "Mashine iliungua kwa shoti, nami nilikuta kanda nilipoifungua. Basi." Akafungua komeo akaondoka.

Njoroge aliachiliwa baada ya wiki tatu. Mashtaka yaliondolewa kortini bila maelezo marefu. Sajini Dalmas alihamishwa, na nijuavyo mimi hakushtakiwa. Inspekta Okelo naye alihamishwa miezi michache baadaye, mbali, na aliyechukua nafasi yake alisema kamera zinasumbua betri. Nilizifungua mimi mwenyewe, nikaziba matundu kwa raba. Kazi ile iliishia hapo.

Lakini watu wa Kiandutu waliongea. Walijua kwamba kulikuwa na kanda, na kwamba kuna fundi wa Thika aliyeiokoa. Siku moja mama Njoroge alitokea gerejini na kijana wake nyuma yake, mrefu, mwembamba, anaangalia chini. Mama alikuwa na kuku kwapani. Hakunitambua. Ile siku ya getini mawazo yake yote yalikuwa kwa kijana wake.

"Nimeambiwa fundi wa kanda yuko hapa," akasema. "Nataka kumshukuru."

Palikuwa na wateja watatu. Mmoja simjui, alikuwa ameketi na gazeti. Mzee Gakuo aliniangalia, nami nikatikisa kichwa kidogo, hapana, hapana. Nilitaka aseme kwamba hakuna mtu kama huyo.

Mzee aliweka nyundo chini.

"Ni mimi," akasema. Akampokea kuku.

Mama akamshika mikono yote miwili akalia, na Njoroge akamwinamia. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimeshika bisibisi, sijasema neno.

Baadaye nilimgombeza. Nikamwambia, wewe ulisema nimpe kanda, leo unajitia katikati kwa nini? Akasema yeye hana mtoto anayepita kando ya reli. Akaendelea na kazi.

Haikupita miezi miwili, Sajini Dalmas akaja. Alikuwa amevaa shati la kawaida na kofia. Alisimama mlangoni, hakuniangalia hata mara moja.

"Mzee, ni wewe nasikia uliokoa kanda."

Mzee Gakuo alikuwa ameketi nyuma ya benchi, waya mdomoni. Akautoa. "Ndiyo, ni mimi. Unakunywa chai?"

Kutoka nilipokuwa nimechutama niliona kitu ambacho Sajini hakukiona. Mikono ya Mzee ilikuwa chini ya benchi, na ilikuwa ikitetemeka vibaya, amekamata mmoja kwa mwingine kuituliza. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kisha Sajini akageuka, akaenda zake, na hatukumwona tena.

Mzee Gakuo alizikwa mwaka jana. Kaburi lake lilijengwa na Njoroge, ambaye siku hizi ni mjenzi mwenyewe, na kila aliyesimama kuongea alitaja kanda ile na ujasiri wa marehemu. Nilikuwa safu ya tatu. Salim alikuwa kando yangu, mtu mzima na watoto wake. Nilitaka kusimama na sikusimama.

Ndiyo maana nimeijibu barua yenu kwa urefu huu. Kanda niliiokoa mimi, Zainabu, nikiwa naogopa. Mzee Gakuo alifanya jambo gumu zaidi ya hilo, naye pia alikuwa anaogopa, na hakuna mtu aliyesimama pale kaburini aliyelijua.